Jibu: Maumivu wakati wa tiba ya mwanga
Dada, umeuliza namna ya kumpunguzia maumivu mdogo wako, anayehudhuria kliniki ya ngozi ya hospitali ya KCMC hapa Moshi, atakapotibiwa kwa mwanga huko Ujerumani, yaani ngozi hupakwa dawa inayoamshwa na mwanga ili kuua seli za saratani ya ngozi au za madoa yanayoitangulia. Ngozi iliyopakwa dawa huwaka kama imepakwa pilipili mara taa nyekundu inapowashwa, hasa usoni na kichwani. Krimu za ganzi, kwa maoni yangu, zinasifiwa kuliko zinavyosaidia. Aulizie sindano ya ganzi ya mishipa ya fahamu, ambayo kwenye paji la uso hufanya kazi vizuri, pamoja na hewa baridi na kusitisha taa kwa muda. Tiba ya mwanga wa mchana, ya takribani saa 2, huuma kidogo sana, ila hutumika zaidi kwa madoa yanayotangulia saratani.