Kifaa cha kuonea usiku cha kujitengenezea: weka pesa kwenye taa na lenzi

Anayetaka kujitengenezea kifaa cha kuonea wanyama usiku huanza na swali la kamera: ni ya megapikseli ngapi, ni ya kampuni gani? Nimeshaunda kadhaa, vyangu na vya rafiki zangu, na siku hizi kamera ndiyo ninayoifikiria mwisho. Utakachokiona gizani kinategemea taa unayomulika nayo na lenzi inayopokea ule mwanga unaporudi. Ukikosea hapo, hata kamera ya gharama kubwa itakuonyesha chengachenga tu.

Sheria kwanza, maana ndiyo inayoweza kukunyang'anya kifaa, bunduki na kibali kwa mpigo. Nchi nyingi zinakataza kuwinda usiku, au zinaruhusu kwa wanyama waharibifu tu, na nyingine zina masharti hata juu ya taa na vifaa vya kuonea gizani. Ulizia kwenye mamlaka ya wanyamapori inayokuhusu kabla hujanunua hata waya.

Namna kinavyofanya kazi si siri. Jicho la binadamu huishia kuona mwanga wa nanomita 700 hivi (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga). Kihisi cha silikoni kilichomo ndani ya kamera huendelea kuona hadi karibu 1,100. Tatizo ni kwamba kamera za kawaida huwekewa kichujio cha kuzuia mwanga huo wa infraredi ili rangi za mchana zitoke sawa. Chukua rimoti ya televisheni, ielekeze kwenye kamera, kisha bonyeza kitufe. Ukiona nukta nyeupe inapepesa kwenye skrini, kamera hiyo inapitisha infraredi. Ikiwa hafifu au haipo kabisa, kichujio kinafanya kazi yake na itabidi kiondoke.

Kamera nyingi za ulinzi zimekwisha kukurahisishia. Ziba lenzi kwa kiganja, utasikia "tik" ndogo: ni kichujio kinajisogeza pembeni kwa sababu kamera imedhani usiku umeingia, na picha inageuka ya rangi ya kijivu. Ukipata kamera ya namna hiyo, huna haja ya kufungua chochote. Kwenye kamera ndogo za ubao mtupu, kichujio ni kipande cha kioo cha mraba kilichogandishwa nyuma ya lenzi. Ukikigeuzageuza kwenye mwanga utaona kinang'aa rangi ya waridi au samawati. Unakibandua taratibu kwa ncha ya wembe, ukiwa umeufunika ubao, kwa sababu vumbi au alama ya kidole kwenye kihisi itakusumbua kila usiku. Ukishakitoa, fokasi itahama, kwa hiyo zungusha lenzi upya hadi vitu vya mbali vionekane wazi. Ifanye kazi hiyo usiku, taa ya infraredi ikiwa imewaka. Fokasi ya mchana na ya infraredi mara nyingi hazilingani, na wengi huilaumu kamera kwa kosa hilo.

Sasa lenzi. Kamera za ulinzi huja na lenzi ya milimita 3.6 au karibu na hapo, ambayo ni nzuri kwa kutazama ua mzima na haina maana kabisa porini. Kwenye kihisi cha ukubwa wa theluthi moja ya inchi, lenzi hiyo hukuonyesha upana wa mita 130 hivi kwa umbali wa mita 100. Nguruwe mwitu hapo ni doa. Weka lenzi ya milimita 16 upate upana wa mita 30, au ya milimita 25 upate kama mita 19. Mimi napenda ya 16 kwenye vichaka na ya 25 kwenye mbuga wazi. Ukipanda juu ya hapo, mkono ukitetemeka kidogo tu picha yote inaruka. Tazama pia namba ya F, inayoeleza uwazi wa lenzi (ikiwa ndogo, mwanga unaopita ni mwingi): lenzi ya F1.2 hupitisha mwanga mara nne kuliko ya F2.4. Hapo ndipo pesa yako inapotakiwa kwenda.

Taa ina chaguo mbili. Ya nanomita 850 ina nguvu, lakini anayeitazama uso kwa uso huona wekundu hafifu. Ya 940 haionekani, ila vihisi vingi huipokea kwa udhaifu, hivyo umbali hupungua sana. Mimi hutumia 850, na naitaka tochi yenye lenzi ya kukusanya mwali. Ile duara ya LED ndogondogo inayozunguka kamera hutawanya mwanga kila upande. Ukiongeza umbali mara mbili, mwanga unaomfikia mnyama hubaki robo, kwa hiyo banisha mwali hadi ulingane na upana wa lenzi yako. Usiitazame tochi hiyo kwa karibu ati kwa kuwa huoni kitu: jicho halifumbi kwa mwanga lisiouona, nao unaweza kuliumiza.

Usiiweke tochi ndani ya kasha moja na kamera. Mwanga huvuja kupitia kioo cha mbele na kuifunika picha kwa utando mweupe. Ifunge juu au pembeni, mbele kidogo ya lenzi. Hata hivyo jani lililo hatua moja mbele yako litawaka kama karatasi na kuficha yote yaliyo nyuma yake, na ukungu ni vilevile. Chagua mahali pa kusimama ukilijua hilo.

Mengine ni mepesi. Betri tatu za 18650 (zile za lithiamu za mviringo, kubwa kidogo kuliko za tochi ndogo) zikiunganishwa kwa mfululizo hutoa volti 11.1, au 12.6 zikijaa, hakikisha kamera inazivumilia, tumia saketi ya kuzilinda, na ziwe za aina moja. Kasha langu ni kipande cha bomba la PVC kilichopakwa rangi nyeusi isiyong'aa ndani. Kwa skrini, usitegemee simu kwa Wi-Fi, maana picha huchelewa na mnyama anakuwa ameshapita. Kamera ya analogi iliyounganishwa kwa waya na kiooneshi kidogo haikupi kero hiyo. Kiweke nyuma ya lenzi ya kukuzia na mpira wa kuziba jicho, la sivyo uso wako utang'aa porini na jicho litahitaji kama nusu saa kuzoea giza tena. Zima pia ule mpangilio wa kamera unaorundika fremu kadhaa (picha mojamoja za video) ili picha ing'ae: mnyama akitembea huacha mkia kama mzimu.

Wengi huniuliza kwa nini nisikifunge moja kwa moja kwenye bunduki. Sitaki. Uzuri wa kifaa cha mkononi ni kwamba unatafuta na kukagua huku mtutu ukiwa chini. Kikikaa juu ya bunduki, kila unachokichungulia umeshakilenga, na usiku kinaweza kuwa mchungaji au ng'ombe wa mtu.

Macho yanayong'aa nayo yasikudanganye. Swala, paka, mbwa na ng'ombe wana tabaka nyuma ya jicho linalorudisha mwanga. Nguruwe hawana, kwa hiyo kundi zima linaweza kupita bila macho kuwaka kwenye skrini. Macho hukuambia kuna kitu pale, lakini si kitu gani. Ndiyo maana kila kifaa kipya hukipima shambani: namwomba mtu amfunge mbuzi na mbwa mahali wazi, narudi nyuma kidogo kidogo hadi nishindwe kuwatofautisha kwa umbo na mwendo, kisha naandika umbali huo kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa kasha. Kung'aa macho kunaweza kuonekana mara mbili au tatu ya hapo, lakini namba iliyoandikwa ndiyo ninayoitumia kuamua.