Jengo la abiria la uwanja wa ndege katika mji wa mgodi: maswali yenu

Mfano wetu leo ni Newman, mji wa madini ya chuma huko Pilbara, Australia Magharibi, takriban kilomita 1,200 kwa barabara kutoka Perth. Wafanyakazi wengi huingia kwa ndege, humaliza zamu, kisha hurudi kwao.

Mji wenyewe ni mdogo. Ukumbi wa kusubiri upimwe kwa idadi gani?

Si ya wakazi, wala ya abiria wa mwaka. Pima kwa saa ya kubadilishana zamu. Boeing 737-800 ya viti 174 ikijaa, chukua asilimia 70 wameketi (mita za mraba 1.7 kila mmoja) na waliobaki wamesimama (1.2). Unapata karibu mita za mraba 270. Ndege mbili zikiondoka kwa kufuatana, hesabu mara mbili.

Kaunta za kusajili abiria nazo: dakika 2 kwa kila abiria ni dakika 348, ukiwahudumia wote ndani ya dakika 75, unahitaji kaunta 5. Kosa la kawaida ni kuweka kaunta 5 na njia moja ya ukaguzi wa usalama. Njia hiyo ikipitisha watu 120 kwa saa, foleni inarudi nyuma mpaka kwenye kaunta na kuziba mlango wa kuingilia. Weka njia mbili.

Kwa nini foleni ya ukaguzi huko huenda polepole kuliko katika miji mikubwa?

Viatu. Buti za kazi zina ncha ya chuma, na kila jozi huifanya mashine ilie. Weka benchi la kuvulia kabla ya mashine na jingine refu zaidi baada yake, kwa sababu kufunga kamba huchukua muda kuliko kufungua. Bila hilo la pili watu huvaa wakiwa wamesimama pale pale mkanda unapotoa mizigo.

Vumbi jekundu linazuiwaje?

Milango miwili, umbali wa mita 5 au 6, isitazamane, ili wa kwanza uwe umeshajifunga kabla wa pili haujafunguka. Hewa ya ndani iwe na shinikizo kidogo kuzidi ya nje, na vichujio vifikike bila ngazi, visipofikika havitabadilishwa. Vipozea hewa vya maji ni rahisi, lakini vinategemea hewa kavu. Mvua za Januari hadi Machi zikileta unyevu, vinashindwa, na maji ya kisima yenye chokaa huziba pedi zake. Sakafu nyeupe sahau.

Bei ya madini ikianguka, jengo litabaki tupu?

Huenda. Jenga kwa fremu za chuma zilizofungwa kwa boliti, ukuta wa mwisho usibebe paa, na mabomba ya maji machafu yasipite upande huo. Hapo utaongeza au kufunga sehemu bila kubomoa.

Daraja la kupandia ndege je?

Hapana. Ngazi na njia yenye kivuli vinatosha, na lifti ya kubebeka kwa wasioweza kupanda.