Kabla hujalipa laki tatu za kusafisha nyota

SWALI: Shikamoo. Nina miaka 29, nauza bima hapa Mwanza. Kazi naijua kuliko mwenzangu wa meza ya jirani, lakini wateja wakiingia wanamwulizia yeye. Mtaalamu mmoja ameniambia nyota yangu imefunikwa, kuisafisha ni laki tatu. Mchumba wangu anasema bora nilipie semina ya mvuto ya siku moja. Nichague ipi?

JIBU: Marahaba. Usichague yoyote.

Kutaka kupendwa si kosa. Kinachonichosha ni hii imani kwamba mvuto ni kitu kilichomo mwilini, kinachoweza kufungwa au kuibwa na shangazi, kisha kikarudi kwa chumvi ya mawe na marashi. Ukishakubali hilo, umeshakuwa mteja. Max Weber, mwanasosholojia wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1920, aliandika sana juu ya haiba za viongozi, na alisisitiza kwamba haiba husimama pale tu wafuasi wanapoitambua. Aliyejifungia chumbani peke yake hana mvuto wala hana gundu. Haya mambo hutokea kati ya mtu na mtu.

Mwenzako simjui, ila nahisi anauliza maswali. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba anayeuliza zaidi hupendwa zaidi na anayezungumza naye, hasa swali likitokana na jibu alilopewa sasa hivi. Nyie mnaoijua kazi mna ugonjwa wenu: mteja akitaja kwamba ana watoto wawili, mmeshafika kwenye viwango vya malipo. Mwenzako pengine anauliza wako darasa la ngapi, na anangoja jibu.

Hilo hufunzika. Mwaka 2011 mtafiti wa uongozi John Antonakis na wenzake walichapisha matokeo ya mameneja waliofundishwa mbinu za haiba, wakafanya mazoezi na kupimwa tena baada ya miezi kadhaa: walionekana na haiba zaidi. Semina ya hotelini ya kufundishwa kukodoa macho na kubana mkono wa mtu ni kitu kingine, na chai yake ya saa nne.

Sasa mtazame huyo mtaalamu. Bila shaka alikusikiliza bila haraka, akauliza habari za nyumbani, akakuita kwa jina. Amekufanyia yaleyale unayopaswa kuwafanyia wateja wako, nawe ukamwamini hadi kwenye mambo ya nyota. Mwanasaikolojia Mmarekani Edward Thorndike alilionyesha hilo mwaka 1920: maofisa wa jeshi waliombwa kupima askari wao sifa moja moja, lakini aliyesifiwa umbo alisifiwa na akili pia. Tukivutiwa na jambo moja, tunamjazia mtu sifa ambazo hatujazipima.

Ndiyo maana wenye upatu, madalali wa viwanja hewa na wauza miujiza si watu wakavu. Wana tabasamu, wana salamu, wanamkumbuka hadi mama yako. Mtu akikukonga moyo kabla hujakaa vizuri kwenye kiti, hapo ndipo pa kudai risiti, leseni na hati. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa la jinai, na polisi wanapokea malalamiko hata kama unaona aibu kuyasimulia.

Na kama umeshatoa kianzio, usiongeze hata shilingi. Awamu ya pili huwa laki tano, maana utaambiwa waliokufunga ni wengi kuliko ilivyoonekana mwanzo.