Ukiandika antihiro, weka mtu wa kumjibu

Hii ni kwa nyie wadogo zangu mnaoanza kuandika komiki, maana skripti za antihiro (mhusika mkuu asiye na usafi wa shujaa wa kawaida) ninazoletewa kusoma sa hivi zinafanana balaa. Jamaa kauliwa familia, kavaa koti jeusi, hacheki, usiku anatoka kuua watu wabaya, alafu mwandishi ananiambia bro huyu sio shujaa wa kawaida, huyu ana utata. Utata uko wapi hapo? Mtu anayeua watu ambao wewe mwenyewe umeshahakikisha wanastahili kufa hana utata wowote, ni Superman tu kapewa bunduki.

Wengi mnamuiga Punisher, yule muuaji wa wahalifu wa komiki za Marvel, bila kusoma alikotokea. Mara ya kwanza kaingia Amazing Spider-Man namba 129, Februari 1974, mwandishi Gerry Conway, na hakuingia kama staa. Kaletwa na Jackal, adui wa Spider-Man, aje kumuua Spider-Man, na ye anaamini kabisa Spider-Man ni mhalifu. Yaani siku ya kwanza tu tunaonyeshwa huyu jamaa anaweza kukosea, sisi wasomaji tunajua anayelengwa sio mtu mbaya, na ndo maana anatisha. Baadae akapewa vitabu vyake mwenyewe na humo, mara nyingi, kuna kitu kimebadilika: hakosei tena. Anayepigwa risasi ni muuza unga, ni mtu wa genge, ushahidi wote tumeshaonyeshwa kurasa tatu kabla. Hiyo haiji yenyewe, ni mwandishi anachagua maiti. Kwahiyo kabla hujaandika ukurasa wa kwanza jiulize, huyu wangu akikosea atakufa nani, na je mi nina moyo wa kuliandika hilo?

Kuna kipande kimoja huwa nawaambia wote wakisome kwanza, The Punisher namba 3 ya mwaka 2000, kaandika Garth Ennis kachora Steve Dillon. Punisher kamfunga Daredevil, shujaa asiyeamini kuua, minyororo juu ya paa, kamfunga na bastola mkononi kwa tepu, ye mwenyewe kashika bunduki analenga mhalifu wa upande wa pili, na anampa chaguo: nipige mimi risasi au niache nimuue yule. Na kumbuka Daredevil mchana ni wakili, maisha yake yote kaamini mahakama. Wanabishana weee, alafu mwisho Daredevil anafyatua kweli, na bastola haitoi kitu, maana pini yake ya kufyatulia risasi ilishatolewa mapema. Punisher anamalizana na mtu wake anaondoka zake. Mashabiki wengi watakwambia hapo Punisher kashinda hoja, mi naona kacheza rafu, kamtaka mwenzie aweke roho yake yote mezani wakati ye hajaweka hata shilingi. Lakini ona kazi iliyofanywa pale: miaka yote hii watu bado tunabishana, na tunabishana kwa sababu kwenye lile paa kulikuwa na mtu wa pili mwenye hoja nzito. Mtoe Daredevil pale ubaki na jamaa na bunduki yake tu, hamna cha kubishania.

Na msidanganywe kwamba hawa watu wa kijivu, sio wema sio wabaya, wamezaliwa miaka ya 80. Namor, mtawala wa chini ya bahari, alikuwa anaivamia New York tangu miaka ile ya mwanzo, 1939 na 1940, na Batman wa mwanzoni alishashika bunduki na watu walikufa mikononi mwake. Kilichokuja kuwaosha ni Comics Code ya 1954, sheria ambazo wachapishaji wa Marekani walijiwekea baada ya kubanwa na Seneti yao: wema lazima ushinde kila mara, mhalifu lazima aadhibiwe, polisi na majaji wasiandikwe kwa namna ya kuwavunjia heshima. Zikalegezwa 1971, na 1974 hiyohiyo unapata Punisher na Wolverine, yule mwenye makucha, tena Punisher akiwa askari aliyerudi Vietnam wakati nchi yenyewe haitaki kusikia habari za ile vita. Ukijua hivo unaacha kudhani giza ni mapambo.

Sasa kitu cha ufundi ambacho hakisemwi sana. Angalia nani kapewa maboksi ya maelezo, yale ya sauti ya ndani. Watchmen, 1986 mpaka 1987, Alan Moore na Dave Gibbons, inafunguka na shajara ya Rorschach, mwindaji wa wahalifu anayeficha uso. Jamaa anachukia karibu kila mtu, anavunja watu vidole baa ili waseme, ana mawazo ya hovyo kuhusu wanawake, na bado wasomaji kibao wakampenda mpaka Moore mwenyewe akashangaa. Mi sishangai. Ukikaa kichwani mwa mtu kurasa zote hizo unaanza kumtetea bila kujua, anayeshika maelezo anapewa msamaha wa bure. Moore aliliona hilo, ndo maana sura ya sita anakuwekea daktari wa akili, Malcolm Long, anayemsikiliza Rorschach gerezani, na wewe unamtazama jamaa kwa macho ya mtu mwingine ambaye usingizi umeanza kumpotea na ndoa yake inayumba kwa sababu ya yale anayosikia.

Mwisho wa kile kitabu ndo utata wenyewe sasa (kama hujasoma ruka aya hii). Ozymandias, shujaa mwenzao wa zamani, kaua mamilioni New York ili mataifa makubwa yaache vita, na mpango umefanya kazi. Wenzake wote wanakubali kunyamaza kwa sababu wakisema amani inavunjika. Anayekataa uongo ni Rorschach peke yake, yuleyule katili, na anakufa kwa hilo. Nani yuko sahihi pale? Ukisema ukweli watu watakufa, ukinyamaza umebariki mauaji. Andika kitu kama hicho, mambo mawili ya maana yamegongana na ukichagua moja lazima uliumize lingine, hapo hata koti jeusi huhitaji.

Magneto, adui wa kundi la mashujaa X-Men, nae msomeni taratibu. 1963 alikuwa adui wa kelele tu, anataka dunia basi. Akaja mwandishi Chris Claremont, na kwenye Uncanny X-Men namba 150, 1981, tunajua alipitia Auschwitz akiwa mtoto. Wanaoanza mnaiga hapohapo tu, maumivu ya utotoni, mkidhani kazi imeisha. Someni toleo zima! Humohumo kazamisha nyambizi ya Wasovieti na mabaharia wake, na karibu amuue Kitty Pryde, binti mdogo wa Kiyahudi wa X-Men, ndipo anashtuka anajiona amekuwa nani. Alafu namba 200, 1985, anasimama mahakamani Paris na ile nyambizi inaletwa tena. Miaka minne imepita, wasomaji tumeshaanza kumpenda, na bado deni limemfuata. Yaliyompata utotoni yanakufanya umwelewe, wale mabaharia hayawarudishi.

Hapo kwenye madeni kampuni kubwa zina shida yao na mjue ni ya biashara. Mhusika anayeuza hafungwi maisha wala hafi moja kwa moja. Jason Todd, Robin wa pili (msaidizi wa Batman), mwaka 1988 wasomaji walipiga kura kwa simu afe au apone, 5,343 wakasema afe dhidi ya 5,271, akauawa kweli na Joker, adui mkuu wa Batman, na baadae karudi hai kama Red Hood kumuuliza Batman kwanini Joker bado anapumua. Batman ana majibu yake ya maadili, mazuri tu, lakini sote tunajua na jibu la mhasibu: Joker anauza. Venom, adui wa Spider-Man, ndo hivyohivyo, 1988 anaua watu, 1993 keshapewa kitabu chake anaitwa mlinzi. Nyie mnaoanza hamna mhasibu juu yenu, tumieni hiyo nafasi.

Na alama ya kifuani iwazie mapema. Lile fuvu la kifuani mwa Punisher limeishia kwenye magari ya polisi na sare za askari, mpaka 2019 kwenye kitabu chenyewe Punisher anaichana stika ya fuvu lake mbele ya polisi anawaambia wamfuate Captain America. Conway nae kalalamika hadharani. Picha inasafiri bila maneno yako, ukichora fuvu zuri sana watu watavaa fuvu.

Zoezi ninalowapa wote ni hili. Chukua skripti yako, tafuta mtu wa kwanza kuuawa na shujaa wako, mpe jina, kisha andika kurasa mbili za asubuhi yake ya siku hiyo, bila kumsafisha na bila kumchafua. Futa maboksi yote ya shujaa kwenye ukurasa wa mauaji. Zichomeke zile kurasa mbili kabla yake, mpe mtu asome, usimwambie chochote, muulize tu anamtaka nani afike mwisho wa kitabu.