Mafuta Laini ya Mwanakondoo: Ugonjwa au Lishe?

SWALI: Bwana Mhariri, mimi ni mfugaji wa Muheza, mkoani Tanga. Hununua wanakondoo madume, nikawafungia bandani na kuwanenepesha kwa unga wa mahindi na pumba, majani nikiwapa kidogo tu. Wananenepa upesi, lakini mwenye bucha analalamika kuwa mafuta ya mgongoni ni laini, yanateleza mkononi, wala hayagandi vizuri hata nyama ikilala kwenye jokofu. Kondoo wa jirani yangu, wanaoshinda malishoni, wana mafuta meupe na magumu. Je, wangu wana ugonjwa?

JIBU: Ndugu mfugaji, katika maelezo yako hatuoni dalili ya ugonjwa, tunaouona ni huo unga. Kondoo anapokula majani na mabua, vijidudu vya tumbo lake la kwanza huyachachua polepole na kutoa kwa wingi asidi ya asetiki, ambayo mwili huijengea mafuta ya kawaida, yaani yale magumu. Unga wa nafaka huchachuka kwa kasi na kuzidisha asidi ya propioniki. Asidi hiyo si adui, kwa kuwa ini huigeuza kuwa sukari, lakini inapozidi uwezo wa ini, ziada huingia katika mafuta yanayojengwa chini ya ngozi, yakawa na asidi za mafuta (chembe zinazounda mafuta) ambazo mnyororo wake wa kaboni una matawi au una kaboni za idadi ya witiri, nazo huyeyuka kwa joto dogo. Mafuta ya figo huathirika kidogo, na ya mkia ni laini kwa maumbile, basi kagua mgongo.

Dawa yake ni nyepesi, na inakupunguzia gharama ya mashine: acha kusaga. Kondoo, tofauti na ng'ombe, hutafuna punje nzima barabara, na kutafuna huko humwaga mate yanayopunguza ukali wa asidi tumboni. Katika miaka ya 1970 watafiti wa Taasisi ya Rowett, Aberdeen, huko Uskoti, walionyesha kuwa wanakondoo waliolishwa shayiri nzima walikuwa na mafuta magumu kuliko waliolishwa shayiri iliyosagwa. Wape mahindi ya punje, ukiyaongeza kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili, na majani makavu yasikosekane horini.

Madume hupatwa na hali hii kuliko majike na waliohasiwa. Hata hivyo hatukushauri uhasi, ikiwa wateja wako ni wa Idi, maana wengi wao hutaka dume kamili. Kama unawalisha pia mabaki ya dagaa, ambayo kwetu pwani hupatikana kwa urahisi, yaondoe katika chakula chao mapema kabla ya kuchinja, kwani shombo lake huhamia kwenye nyama. Mabadiliko haya yaanze siku mnyama anapoingia bandani, kwa sababu mafuta yaliyokwisha kujengeka hayageuki kwa lishe ya wiki moja ya mwisho.