Kuku wa nyama wanaharisha baada ya kubadilishiwa chakula

Ndugu, umesema kuku wako wana wiki tatu, uliwabadilishia chakula ghafla, sasa wanaharisha na hawaongezeki uzito. Utumbo haujazoea. Rudisha chakula cha mwanzo, kisha changanya kipya kidogo kidogo kwa siku 4 au 5.

Chukua kijiti, pasua kinyesi. Ukikuta chenga za mahindi zilivyoingia ndivyo zilivyotoka, hela yako inaishia kwenye maranda ya sakafuni. Na pumba punguza (kosa hilo hata mimi nimelifanya): zinajaza gole (mfuko wa chakula shingoni), nyama hazijengi. Chakula cha kuanzia kiwe na protini asilimia 21 hadi 23, cha kumalizia 18 hadi 20. Maji yasikatike.

Ukiona damu kwenye kinyesi, usihangaike na chakula, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo.