Weka altrasaundi kifuani, usisubiri eksirei

Jumatano iliyopita, saa nane usiku, saturesheni (asilimia ya oksijeni kwenye damu) ya mgonjwa wa kitanda cha 4 ilishuka kutoka 94 hadi 78 ndani ya dakika chache. Nimonia kali, siku ya tano kwenye mashine ya kupumulia. Nikavuta altrasaundi, nikapaka jeli, nikaanza kushoto: mstari mweupe wa utando wa pafu ulikuwa unateleza kila pumzi ikiingia. Kulia, tuli. Nikaisogeza probu, kile kichwa cha altrasaundi kinachoshikwa mkononi, kuelekea kwapani mpaka nikaona pafu likichungulia na kurudi. Hapo hakuna mjadala tena, hewa imevuja nje ya pafu. Tukaweka bomba la kifua, na kabla ya alfajiri alikuwa na 95. Namshukuru Mungu, na nakiri najivunia.

Najivunia kwa sababu mwaka 2014 nilishindwa. Mama mmoja, hali ileile. Mkubwa wangu akaagiza tusubiri eksirei. Ilifika baada ya karibu saa nzima, mama ameshafariki. Altrasaundi ilikuwa wodi ya wazazi, ghorofa moja chini yetu. Nilipolisema hilo kwenye kikao cha vifo, nikajibiwa kuwa altrasaundi ni ya mimba. Jibu lile linaniuma hadi leo, maana daktari Mfaransa Daniel Lichtenstein alishachapisha itifaki yake ya BLUE, ya kupima mapafu ya anayeshindwa kupumua kwa altrasaundi, tangu 2008.

Ndugu zangu wa ICU, msikubali kuambiwa hivyo. Mwaka 2016 utafiti wa Kigali, hapa hapa jirani, ulipendekeza ARDS, yaani mapafu kushindwa kazi ghafla kwa kuvimba na kujaa majimaji, itambuliwe kwa altrasaundi, na kwa saturesheni ikigawanywa kwa sehemu ya oksijeni anayovuta mgonjwa: 315 kushuka chini. Mwaka 2023 fasili mpya ya kimataifa ya ARDS ikayakubali yote mawili.

Kwa hiyo shika probu kila zamu. Anza na vifua vizima, vya wenzako, mpaka jicho lizoee. Hesabu pumzi dakika nzima, usikisie. Na kile kifaa cha kidoleni cha kupimia saturesheni, kwenye ngozi yetu nyeusi huweza kusoma juu kuliko ukweli. Kikisema 92 huku misuli ya shingo inavutika, amini shingo. Halafu shika probu tena.

Wa kitanda cha 4 alitolewa bomba jana. Asubuhi hii nimempima, na mstari unateleza pande zote mbili.